Cheti cha mtoto, kura ya mzazi: Safari ndefu ya Wamakonde, Washona na Wapemba kuwa Wakenya

Fomu ya kumsajili mtoto shuleni haina maswali mengi. Jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, nambari ya cheti cha kuzaliwa, nambari ya kitambulisho cha mzazi. Kwa familia nyingi nchini Kenya, kazi hiyo huisha kabla chai haijapoa. Kwa Wamakonde wa Kwale, Washona wa Kiambu na Wapemba wa Kilifi na Kwale, mistari miwili ya mwisho ilikuwa kizingiti kizazi baada ya kizazi.

Watu hawa hawakuwa wageni waliofika juzi. Wengi walizaliwa Kenya, wakasoma na majirani zao, wakaoana nao, na wamewazika wazazi wao katika udongo wa Kenya. Lakini kisheria hawakuwa wa Kenya, na nchi walikotoka babu zao haikuwatambua pia. Sheria huwaita watu wasio na utaifa. Kwa miaka mingi shirika la UNHCR lilikadiria kuwa Kenya ilikuwa na watu wapatao 18,500 wa aina hiyo.

Katika miaka michache iliyopita hali yao imebadilika kwa kasi ambayo wazee wao hawakuitarajia. Jinsi ilivyobadilika, na yale ambayo bado hayajabadilika, ni habari inayomhusu kila mzazi, hata yule ambaye hajawahi kuulizwa ukoo wake katika ofisi ya serikali.

Kazi, dini na bahari

Kila jamii ilikuja kwa njia yake. Wamakonde walitoka kaskazini mwa Msumbiji, na wengi waliletwa au kuvutwa na kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa ya Pwani wakati wa ukoloni, kuanzia miaka ya 1930. Wengine waliwafuata baadaye, wakikimbia vita vya kupigania uhuru wa Msumbiji. Wakaweka makao Kwale, hasa upande wa Msambweni, na wengine Kilifi na Taita Taveta. Ufundi wao wa kuchonga mpingo unajulikana dunia nzima, na ndugu zao wa Mtwara nchini Tanzania ni moja ya makabila makubwa ya nchi hiyo.

Washona walikuja na Biblia. Walikuwa wamishonari wa kanisa lililoanzishwa na mhubiri Johane Masowe, waliotoka Zimbabwe ya leo mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Walifika na pasipoti za Uingereza, kwa kuwa nchi yao na Kenya zote zilikuwa chini ya Mwingereza. Walikaa Nairobi na Kiambu, wakaishi kwa useremala na kusuka vikapu.

Wapemba walikuja na mashua. Kwa mvuvi wa kisiwa cha Pemba, kuvuka hadi Kilifi, Mombasa au Kwale kufuata samaki na pepo za msimu lilikuwa jambo la kawaida kabla ya mipaka ya sasa kuwa na maana yoyote. Wengi waliweka makao kuanzia miaka ya 1930, na wengine wakafuata baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964.

Tarehe iliyowaacha nje

Kenya ilipopata uhuru Desemba 12, 1963, katiba iliwapa uraia wa moja kwa moja wale waliozaliwa Kenya, mradi mmoja wa wazazi wao awe amezaliwa Kenya pia. Wengine waliokuwa wakiishi nchini walipewa miaka miwili kuomba kusajiliwa.

Kijana wa Kimakonde aliyezaliwa katika kambi ya wafanyakazi wa mkonge alikuwa na nusu tu ya kinachotakiwa: yeye alizaliwa Kenya, lakini baba na mama yake walizaliwa Msumbiji. Ilibidi aombe. Wengi hawakujua kwamba walipaswa kuomba, na muda ukapita. Haki ya kupata uraia kwa kuzaliwa Kenya peke yake iliondolewa baadaye, kwa hivyo mtoto wa kijana huyo naye akabaki bila uraia, na mjukuu vilevile. Kosa la makaratasi la miaka miwili likawa urithi wa familia.

Bunge lilijaribu kurekebisha hali hiyo mwaka 2011. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka huo iliruhusu watu wasio na utaifa walioishi nchini tangu uhuru, pamoja na vizazi vyao, kuomba kusajiliwa kuwa raia. Dirisha hilo liliwekewa miaka mitano, kisha likaongezwa miaka mitatu. Lakini sheria kuandikwa Nairobi ni jambo moja, na mkulima wa Makongeni kuipata ofisi inayoitekeleza ni jambo jingine.

Nyumba isiyo na kitambulisho

Ili kuelewa uzito wa jambo hili, mzazi ahesabu ni mara ngapi kwa mwezi yeye hutoa kitambulisho chake. Kusajili laini ya simu, kufungua akaunti ya M-Pesa au ya benki, kuingia katika jengo la ofisi mjini, kuomba basari ya mtoto, kujiandikisha katika bima ya afya ya serikali, kupata leseni ya biashara, kusajili ndoa, kununua shamba. Asiyekuwa na kitambulisho hufanya yote haya kwa jina la mtu mwingine, au hayafanyi kabisa.

Laini ya simu husajiliwa kwa jina la jirani, na pesa za mwezi mzima hukaa mikononi mwa jirani huyo. Shamba hununuliwa kwa jina la rafiki. Rafiki akifa, watoto wake huja na hati. Kwa mvuvi wa Kipemba shida ilianzia ufuoni: kuvua kunahitaji leseni, na leseni inahitaji kitambulisho. Asiyekuwa nacho hubaki kibarua katika chombo cha mwingine, na kila boti ya doria inapotokea moyo wake hudunda.

Watoto ndio walioumia mapema zaidi. Mtoto angeweza kuketi darasani kwa huruma ya mwalimu mkuu, lakini huruma hiyo ilikuwa na mwisho. Usajili wa mitihani ya kitaifa ulihitaji cheti cha kuzaliwa, na mfumo wa NEMIS wa kuwasajili wanafunzi ulipoanza, nao uliuliza nambari ya cheti hicho. Aliyefaulu kuvuka hapo alikutana na ukuta mwingine alipotimiza miaka 18, wakati wenzake walipokwenda kuchukua vitambulisho. Bila kitambulisho hakuna mkopo wa chuo kikuu, na kazi ya ofisini hubaki ndoto.

Wazazi wengine walitafuta njia ya mkato. Wapo Wapemba waliojiandikisha kama Wabajuni au Wamijikenda ili wapate kitambulisho. Njia hiyo iliwafungulia mlango, lakini ilimfundisha mtoto jambo gumu: nyumbani wewe ni huyu, ofisini wewe ni yule, na usichanganye. Mzazi yeyote anajua namna siri ya aina hiyo inavyomkaa mtoto.

Safari ya Oktoba 2016

Wamakonde ndio waliovunja ukimya. Baada ya ahadi za miaka mingi, mnamo Oktoba 2016 watu wapatao mia tatu, wakiwa pamoja na watetezi wa haki za binadamu, waliondoka Kwale kwa matembezi ya kwenda kumwona Rais jijini Nairobi. Polisi walijaribu kuwazuia njiani. Hawakurudi nyuma.

Oktoba 13 walipokewa Ikulu. Rais Uhuru Kenyatta aliwaomba radhi kwa kucheleweshwa kwao na kuagiza wapewe vitambulisho kabla ya Desemba mwaka huo kwisha. Februari 1, 2017, vitambulisho vikaanza kutolewa Kwale, na Wamakonde wakatambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya. Zaidi ya watu 1,000 walisajiliwa kuwa raia.

Wakati huo usajili wa wapiga kura kwa ajili ya uchaguzi mkuu ulikuwa ukikaribia kufungwa. Waliopata vitambulisho waliwahi. Agosti 8, 2017, wazee ambao walikuwa wameshuhudia kila uchaguzi tangu uhuru wakiwa pembeni walisimama foleni na kupiga kura kwa mara ya kwanza.

Washona walifuata. Mwaka 2019 watoto wao walianza kupewa vyeti vya kuzaliwa. Katika sherehe za Jamhuri za Desemba 12, 2020, Rais Kenyatta alitangaza kuwa Washona 1,670, pamoja na watu 1,300 wenye asili ya Rwanda, wangepewa uraia. Vyeti vilikabidhiwa Julai 28, 2021, na waliotimiza umri wakapata nafasi ya kujiandikisha kabla ya uchaguzi wa Agosti 9, 2022.

Wapemba nao walipeleka ombi lao Bunge. Januari 2023 Rais William Ruto alitoa tangazo la kuwatambua kuwa moja ya makabila ya Kenya, na Julai mwaka huo akafika Kilifi kuwakabidhi stakabadhi zao.

Lazima uwe kabila?

Mafanikio hayo yana swali ndani yake. Kwa nini ilibidi watu hawa watangazwe kuwa kabila ndipo wawe raia? Katiba ya 2010 haisemi hivyo. Kifungu cha 14 kinasema mtu ni raia wa kuzaliwa ikiwa baba au mama yake ni raia wakati anapozaliwa, awe amezaliwa Kenya au nje. Kifungu hicho hicho kinasema mtoto anayepatikana nchini akionekana kuwa chini ya miaka minane, na wazazi wake hawajulikani, achukuliwe kuwa raia wa kuzaliwa. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa. Neno kabila halimo katika vifungu hivyo.

Lakini mwombaji wa kitambulisho huulizwa kabila, na aliyekosa kisanduku chake katika fomu alikosa kila kitu. Wanubi wa Kibera wanalijua hili vizuri. Wao ni wazao wa wanajeshi kutoka Sudan waliotumikia jeshi la Uingereza, na wameishi Kenya zaidi ya karne moja. Hata hivyo, vijana wao walipofika umri wa kitambulisho walipelekwa mbele ya kamati za kuwachuja, jambo ambalo wenzao wa makabila mengine hawakufanyiwa. Machi 2011, Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki ya watoto wa Kinubi ya kuwa na utaifa na kutobaguliwa.

Familia za mpakani, hasa za Kisomali, zimepitia uchujaji kama huo kwa miongo mingi. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais Ruto alitia saini tangazo la kuuondoa. Wapo waliolipokea kwa furaha, na wapo walioonya kuhusu usalama wa nchi. Kwa mzazi wa Wajir au Garissa, hoja ilikuwa nyepesi kuliko hiyo: mtoto wake aulizwe maswali yale yale anayoulizwa mtoto wa Nyeri.

Nchi jirani ya Tanzania ilichukua njia tofauti. Wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya 1972 na kulima katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu walipewa uraia kwa mkupuo, zaidi ya watu 162,000, na vyeti vikaanza kugawiwa Oktoba 2014. Hakuna aliyetakiwa kwanza kuwa kabila jipya la Tanzania.

Kura si mwisho wa safari

Kupiga kura ni mlango wa kwanza tu. Je, jamii ndogo ya watu elfu chache inawezaje kusikika katika kaunti yenye mamia ya maelfu ya wapiga kura?

Katiba imeweka njia kadhaa. Kifungu cha 56 kinaitaka serikali kuhakikisha makundi ya wachache yanashiriki katika uongozi, elimu na ajira. Kifungu cha 177 kinatenga viti vya kuteuliwa katika bunge la kaunti kwa makundi yaliyotengwa, wakiwemo walemavu na vijana. Viti hivyo hugawiwa kupitia vyama vya kisiasa, kwa hivyo jamii isiyo na watu wake ndani ya vyama husahaulika mapema, wakati majina yanapoandikwa.

Kuna kizuizi kingine ambacho wazazi wengi hawakijui. Kwa mujibu wa vifungu vya 99 na 193 vya Katiba, mtu hawezi kuchaguliwa kuwa mbunge au diwani ikiwa hajawa raia kwa angalau miaka kumi kabla ya uchaguzi. Hesabu yake inafaa kufanywa mezani pamoja na watoto. Mmakonde aliyepata uraia mwishoni mwa 2016 au mwanzoni mwa 2017 anaweza kuwania udiwani kwa mara ya kwanza katika uchaguzi mkuu wa Agosti 2027. Mshona aliyepewa cheti Julai 2021 itabidi asubiri hadi 2032. Mpemba aliyepata uraia 2023 hatakuwa ametimiza miaka kumi ifikapo 2032, kwa hivyo zamu yake ni 2037.

Kwa maneno mengine, mtoto wa Kipemba aliyekuwa na miaka mitano wakati Rais alipofika Kilifi atakuwa na miaka 19 uchaguzi huo utakapofika. Huenda akawa miongoni mwa watu wa kwanza wa jamii yake kuomba kura kwa jina lake halisi. Yatakayompeleka huko yanaanza sasa: shule anayosoma, lugha anayojiamini nayo, na kama wazazi wake humchukua anapokuwapo mkutano wa wananchi au humwambia kuwa siasa ni ya wenyewe.

Mtoto anayezaliwa leo na mzazi aliyesajiliwa kuwa raia yuko mbele zaidi. Yeye ni raia wa kuzaliwa, si wa kusajiliwa. Hata urais, ambao Katiba imewawekea raia wa kuzaliwa pekee, hauko nje ya uwezo wake.

Bado kuna nyufa. Wapo waliokosa kuandikishwa kwa kuwa walikuwa safarini, wagonjwa, au waliogopa kuwa ni mtego wa kuwarudisha walikotoka babu zao. Kwa hivyo katika nyumba moja kaka anaweza kuwa na kitambulisho na dada akakosa. Wapo walioandikishwa zamani kwa kabila lisilo lao na sasa wanahofia kwamba kusahihisha kutawaletea kesi. Na ardhi waliyoilima miaka hamsini kama vibarua au wapangaji haikuwa yao kwa sababu tu wamepata uraia.

Anachoweza kufanya mzazi

Mengi ya matatizo haya yalianza na karatasi moja iliyokosekana. Ndiyo maana hatua ndogo za nyumbani zina thamani kubwa, kwa mzazi wa jamii yoyote ile.

Kwanza, mtoto akizaliwa hospitalini, mama asiondoke bila taarifa ya kuzaliwa. Akizaliwa nyumbani, taarifa hiyo hutolewa na naibu wa chifu, na inafaa kufuatiliwa mara moja, kwa kuwa kumsajili mtoto baada ya miezi sita huongeza masharti na usumbufu.

Pili, tunza kadi ya kliniki, kadi ya ubatizo na barua za shule. Anayechelewa kumsajili mtoto huombwa ushahidi wa aina hiyo. Piga picha stakabadhi zote na uzihifadhi kwa simu, lakini usitupe asili.

Tatu, wazazi ambao hawajaoana wajue kwamba Mahakama Kuu iliamua mwaka 2016 kuwa mtoto wao ana haki ya kuandikwa jina la baba katika cheti. Pale ambapo baba ndiye raia na mama hana stakabadhi, jina hilo linaweza kuamua uraia wa mtoto.

Nne, kijana akitimiza miaka 18 asingoje hadi mwaka wa uchaguzi ndipo aende kuchukua kitambulisho. Foleni huwa ndefu, na penye kasoro katika majina panahitaji muda kusahihishwa.

Tano, jirani asiye na stakabadhi asifichwe wala asitishwe. Yapo mashirika ya haki za binadamu na wasaidizi wa kisheria wa kijamii katika kaunti za Pwani wanaosaidia familia kujaza fomu. Mara nyingi kinachokosekana ni shahidi mmoja wa kusema, mbele ya chifu, kwamba familia hii naifahamu tangu utotoni.

Watoto nao waelezwe ukweli huu kwa lugha yao. Mtoto wa Kidigo anayesoma dawati moja na wa Kimakonde afahamu kwamba mwenzake si mgeni, na kwamba babu zao huenda walikata mkonge katika shamba moja. Na mtoto wa Kimakonde afahamu kwamba kitambulisho cha mama yake hakikuwa zawadi ya mtu. Wazee walikipigania kwa miguu yao, na kazi ya kukitumia vizuri, kwenye sanduku la kura na katika mikutano ya kaunti, sasa imemfikia yeye.